Kila Nukta Mahali Pake

Mpendwa Baba Nsia,

Koma hiyo hapo juu nimeiweka mapema ili usianze kutikisa kichwa. Nakujua, ungeitafuta kwanza kabla hata ya kuuliza kama tuko wazima. Haya, ipo. Sasa nisikilize.

Barua hii haina pa kupelekwa, maana sijui uliko. Nitaiacha wazi, anayetaka kuisoma aisome, kwa kuwa kila mtu hapa Maji ya Chai anajifanya ana habari zako kunishinda mimi mkeo. Mmoja anasema umeonekana Tabora unauza tumbaku, mwingine anasema umeoa Mnyamwezi, na wote wanasema huku wanakula ndizi zangu. Nimechoka nao, jamani.

Jambo lenyewe ni hili. Kaka yako Nderingo na wazee wa ukoo wamekata shauri kuzika mgomba mahali pako. Unajua wanavyofanya mtu akipotea na mwili usionekane: wanakata mgomba, wanaulaza kaburini kama mtu, watu wanalia, yanakwisha. Mgomba ukishafukiwa, umekufa, hata ungekuja mwenyewe kesho yake kwa miguu yako. Nilipiga magoti mbele yao nikawaomba waningoje kwanza niende bomani kuuliza, kwa sababu boma sasa ni la Waingereza na Kiingereza ninacho. Wakakubali kungoja. Nimekwenda, nimerudi. Nitakuambia nilichokikuta, lakini niache nifike huko polepole, maana nikianza na hilo sitaweza kuandika kitu kingine.

Ulipotoka Taveta kwa wamisheni wa Kiingereza ulirudi na blanketi, shoka zuri na hicho Kiingereza chako. Blanketi lilichakaa, shoka likaazimwa na jirani, unajua mambo ya kuazimana. Kiingereza kikabaki, na hukuwa na mtu hata mmoja mlima mzima wa kuzungumza naye. Ukawa unamwamkia ng'ombe! Mwanamume mzima, asubuhi, ndoo mkononi, anampa ng'ombe salamu za Kizungu na kungoja ajibiwe. Mama yako aliniambia nilipoolewa, "Mwanangu, mume wako ni mzima, ila usimsikilize akiwa zizini." Nilicheka siku nzima. Baadaye ndipo nilipogundua kwamba ulinioa kwa sababu najua kusoma. Usibishe. Wasichana wazuri walikuwepo wengi, hata Nderingo alikutajia.

Nilikuwa nimesoma shule ya misheni ya Wadachi huko juu, Kiswahili na Kidachi cha kuombea maji. Wewe ukaona umepata wa kumwambukiza ugonjwa wako. Tulipokwenda kungoja zamu yetu ya maji kwenye mfereji, wenzetu walikaa wakasema watu, sisi tukakaa na jani la mgomba na mwiba. Unachora kwa mwiba, mwanzo huoni kitu, halafu jani linajitia weusi pale pale ulipopita. Sentensi moja upande huu, sentensi moja upande ule. Jioni tukampa ng'ombe majani. Kila nilichojifunza kilikwisha tumboni mwake, na maziwa hayakuongezeka.

Unakumbuka sentensi yangu ya kwanza? Niliandika kwamba ng'ombe anakunywa maji shambani, nikajisifu. Wewe ukacheka mpaka ukakaa chini kwenye matope. Kumbe nilikuwa nimeandika Ng'ombe kwa herufi kubwa, Maji kwa herufi kubwa, Shamba kwa herufi kubwa, kama Wadachi walivyonifundisha, maana kwao kila kitu chenye jina hupewa ukubwa, hata kinyesi. Ukaniambia, "Mke wangu, ng'ombe si mangi, si mtawala. Mwandike mdogo."

Nikakuuliza ni nani basi anayeandikwa mkubwa. Ukasema ni mwanzo wa sentensi, majina ya watu na ya miji, siku za juma, Mwenyezi Mungu, na "mimi". Mimi? Ndiyo, ukasema, Mwingereza akijitaja, popote pale, hata katikati ya maneno, ni herufi kubwa. Na "wewe" je? "Wewe ni mdogo." Nikakuambia hao watu wamekwisha kujitangaza kabla hata hawajafika. Ukacheka, lakini kidogo, kwa sababu uliwapenda. Hilo ndilo lililokuponza, Baba Nsia, uliwapenda watu ambao hawakujui.

Koma ndiyo iliyotugombanisha. Ulisema nukta ni kufunga mfereji kabisa, kwa udongo na majani, tone lisipite. Koma ni kuegemeza kipande cha mgomba tu ili maji yapungue yasikatike. Hapo nilielewa. Lakini mimi nikaandika: mvua imenyesha, ng'ombe wamelala. Ukatikisa kichwa. "Hizo ni sentensi mbili nzima. Koma haina nguvu ya kuzishika zote mbili. Weka nukta, au weka koma na neno la kuziunganisha." Nikasema mbona kwa Kiswahili inasikika tamu? Ukasema inasikika tamu, ni kweli, lakini kwa Kiingereza ni kosa. Nikasema basi Kiingereza ndicho chenye kosa. Tuligombana mpaka maji ya zamu yetu yakapita kwenda kwa jirani, na Nderingo akaja kutuuliza kama tumelogwa. Hata sasa nasema inasikika tamu. Mvua imenyesha, ng'ombe wamelala. Nani atanikatalia? Hayupo.

Na kile kidudu chenu kinachoning'inia juu karibu na mwisho wa jina la mwenye mali! Sisi tunasema mbuzi wa Nsia. Mbuzi kwanza, maana ndiye anayeonekana, halafu mwenyewe. Wao wanamtanguliza Nsia, wanamtundikia kidudu, wanaweka herufi moja nyuma yake, ndipo mbuzi afuate. Nikauliza kwa nini mwenye mali atangulie mali. Ukasema hujui, ndivyo walivyo. Ulikuwa na subira hadi ukaudhi. Nilirudia kosa lile lile siku baada ya siku na wewe ukalirudia jibu lile lile, sauti ile ile, kama mtu anayepalilia. Mwanamume mwingine angenizaba kofi. Sikukuambia wakati ule, kwetu hatusemi hivyo, lakini nilikupenda mno pale mferejini. Nakuambia sasa, na haina faida yoyote.

Kitu kilichonitesa kuliko vyote ni alama ya kuuliza. Ulinifundisha kwamba si kila swali hupewa alama hiyo. Mtu akiuliza uso kwa uso, yuko wapi, iweke. Lakini akisema "nataka kujua yuko wapi," hapo anasimulia tu haja yake, anafunga kwa nukta. Nilikuambia nukta hapo inaonekana kama mtu ameshajibiwa. Ukasema hukuwahi kuliona hivyo. Ndiyo mara pekee niliyokushinda.

Kisha vita vya Wazungu vikaja. Na ile mbiu ya mgambo.

Mjumbe wa mangi alipita na pembe yake njia nzima ya chini: kila anayejua Kiingereza afike bomani Arusha. Basi. Hakusema kwa nini. Nderingo alikuwepo uani kwetu, akakushika mkono. "Mdogo wangu, mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Kaa." Na wewe na akili zako ukaanza kumfundisha kaka yako. Ukasema boma likiita waashi, waashi hupewa kazi. Likiita maseremala, hupewa kazi. Sasa lina vita na Waingereza, linahitaji mkalimani, na mlima mzima mkalimani ni nani? Ulikuwa umengoja siku hiyo maisha yako yote. Mtu aliyekuwa akiongea na ng'ombe, leo anaitwa na serikali! Ungekaaje?

Nami nikakufulia kanzu. Niliisugua mpaka ikawa nyeupe pe. Nilikuwa najivuna, nisikufiche, nilishajiona mke wa mkalimani. Ukaondoka unapiga mluzi, umemwinua Nsia juu ukamshusha, umembusu kichwani.

Hawakutaka mkalimani. Walitaka kujua ni nani wa kuogopa, wakakufunga. Nilipokuja na chakula, askari mlangoni alinitazama akasema, "Huyo? Huyo ni mtu wa Waingereza." Kwa mdomo wake ilikuwa kama kusema mchawi. Nikamwambia huyo ni Mmeru wa Maji ya Chai, atazame meno yake, yametiwa ukahawia na maji ya kwetu kama yangu, Mwingereza gani ana meno haya? Akacheka, akala ndizi yangu moja, akaniacha nisogee mpaka mnapopasulia mawe.

Ulikuwa mweupe kwa vumbi, nywele na nyusi, kama mzee. Nikadhani utalia, nikajikaza ili mmoja wetu asimame. Ukaniuliza, "Umeandika leo?"

Nilikasirika, Baba Nsia! Nimetembea tangu alfajiri, nimevuka mito na mtoto mgongoni, nimetukanwa mlangoni, wewe unaniuliza habari za koma. Nikakuambia Kiingereza chako ndicho kilichokuleta kwenye mawe haya, nikirudi nyumbani nitamchoma hata ng'ombe anayekielewa. Ukasema polepole, "Usiache. Wewe ndiye uliyebaki nacho." Askari akatufukuza. Njiani kurudi, pale juu ya Sekei, nilikaa kando ya njia nikalia kwa sauti, watu wakapita wakanipa pole wakidhani nimefiwa. Labda wao walijua.

Mara ya mwisho nilikuona kwenye msafara wa wapagazi. Hakuna aliyetuambia kwamba mnaondoka, nilikukuta tu njiani nilipokuwa naleta chakula. Mlikuwa mmefuatana mmoja nyuma ya mwingine, mizigo ya bunduki kichwani, mnashuka kuelekea Kondoa. Nilikimbia kando yako. Hukuweza kugeuka kwa sababu ya mzigo, hukuweza hata kuninyooshea mkono. Ukasema huku unatazama mbele, "Zamu yetu ya maji isipotee. Mwambie Nderingo." Nikasema nitamwambia. Hayo ndiyo maneno yetu ya kuagana, maji ya zamu. Nilikuwa na mengi kifuani, nikayameza yote kwa sababu askari alikuwa na kiboko.

Wadachi wakaondoka, wakakimbia kusini njia ile ile. Waingereza wakaingia na farasi wao na magari yanayotoa moshi. Haukupita muda mrefu, mjumbe yule yule wa mangi, pembe ile ile, njia ile ile: kila anayejua Kiingereza afike bomani. Safari hii walitaka kweli kweli. Mtu anayejua kusema ndiyo na hapana kwa Kiingereza alipewa koti na chumvi. Majirani wakaja kunipongeza, wajinga hawa. "Mume wako angekuwepo sasa angekuwa bwana mkubwa!" Niliwatoa uani kwa ufagio. Wapiganapo tembo nyasi huumia, wanasema, na wanaona wamesema. Hakuna aliyesema nyasi zikilalia upande huu zinakanyagwa, zikilalia upande ule zinakanyagwa.

Akaja mpagazi mmoja wa huku Tengeru, amerudi amekonda, macho tu. Alisema mbele ya Nderingo kwamba mlikuwa pamoja mpaka ng'ambo ya Kondoa, kwamba ulishikwa na tumbo la kuhara damu, kwamba mlipovuka mto ulikaa ukingoni na mzigo wako akapewa mwingine. Nikamuuliza, ulikufa? Akasema hakugeuka kutazama. Aliyegeuka alichapwa. Nderingo akasema basi, imetosha. Mimi nikasema haijatosha, mtu kukaa chini si kufa. Ndipo wazee wakataja mgomba, na ndipo nilipopiga magoti.

Niliandika barua yangu kwa Waingereza. Karatasi niliipata kwa Mzee Shomari mwenye duka mjini, kwa mkungu wa ndizi mshare. Kwanza niliiandika kwenye majani, nikatupa, nikaandika tena, mpaka mgomba wa mlangoni ukabaki kama kuku aliyenyonyolewa. Herufi kubwa mwanzo wa kila sentensi. Jina lako kwa herufi kubwa, Kondoa kwa herufi kubwa, mto kwa ndogo, ugonjwa kwa ndogo, mume kwa ndogo. Sikuunganisha sentensi mbili kwa koma. Pale nilipotaja meno yako nilikitundika kile kidudu, na nikakiweka penyewe. Nilisema wewe ni nani, ulichukuliwaje, na kwa sababu ya lugha ya nani. Mwisho nikaandika kwamba nataka kujua mume wangu yuko wapi. Nikafunga kwa nukta.

Nilivaa nguo ya kanisani nikaenda. Mkalimani wao ni kijana wa Mombasa, mwenye adabu. Alisema, "Shikamoo mama," akaipokea, akaiangalia, akauliza ni nani aliyeniandikia. Nikamwambia mimi. Akatabasamu kama mtu anayemkubalia mgonjwa, akanipeleka ndani.

Bwana mwenyewe kijana, mwekundu, pua imebabuka kwa jua. Alisoma amesimama. Halafu akakaa, akasoma tena. Nilifuata macho yake mstari kwa mstari. Nikajiambia, anaelewa, huyu anaelewa kila neno, hakuna hata moja lililopotea njiani. Akaongea haraka na mkalimani, akionyesha kidole hapa na pale kwenye karatasi, anafurahi. Nilishika kauli mbili tatu tu, Kiingereza cha mdomo kinakimbia.

"Mama," mkalimani akasema, "Bwana anasema barua hii haina kosa. Anasema hata karani aliyemleta kutoka Nairobi hajui kuweka koma hivi."

Nikangoja.

"Anauliza, aliyeiandika yuko wapi? Kama si wewe, basi aliyekufundisha. Wanamhitaji sana hapa."

Nilinyoosha kidole kwenye karatasi. Nikasema, "Mwambie asome tena."

"Ameshasoma mara mbili, mama."

"Mwambie aliyenifundisha ndiye huyo ninayemuulizia."

Wakaongea. Yule Bwana akaitazama barua tena, safari hii kama mtu anayeona kumbe kulikuwa na maneno. Uso ulimwiva zaidi. Alisema kitu kifupi, akaiweka juu ya karatasi nyingine, akaweka jiwe juu yake ili upepo usipeperushe.

"Anasema pole. Majina ya wapagazi wa Wadachi hawanayo hapa. Anasema," na yule kijana akatazama chini, "mume wako akirudi aje moja kwa moja bomani. Kazi ipo."

Nilishukuru. Ndiyo, nilishukuru, nikainamisha kichwa, nikatoka kwa adabu. Sikulia pale wala Sekei wala njiani. Nimefika nyumbani nimekauka. Nilidhani tatizo ni kwamba hakuna aliyejua kuwauliza kwa lugha yao. Nikawauliza kwa lugha yao, bila kosa, na jibu ni lile lile la mpagazi: hakuna aliyegeuka kutazama. Sina tumaini tena, Baba Nsia. Naliandika neno hilo nalitazama, na halinitishi.

Nderingo alikuja jana jioni akakaa mlangoni, amekuwa mpole siku hizi. Nikamwambia wachimbe. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama kuna nguo yako, kwa sababu mgomba huvishwa. Nikampa shati la Taveta, lile la mistari, na mkanda wako. Alilinusa kabla ya kulikunja, akadhani sikuona.

Asubuhi hii wameukata. Wamechagua mrefu, kimo chako, wakaulaza uani juu ya majani wakauvisha shati, mikono ya shati ikalala kando haina kitu. Wanawake wamekwisha kuanza kuja. Nsia alitoka, akasimama akatazama muda mrefu. Hakuogopa. Akaja akanivuta nguo akaniuliza, "Mama, tukimpanda baba, ataota?"

Nimemwambia mgomba uliokatwa bila mzizi hauoti. Akasema, "Basi tumwachie mzizi." Nderingo akaenda nyuma ya zizi.

Wananiita nije nimwage udongo wa kwanza, maana ni wa mke. Ninakwenda sasa kukufukia, mume wangu, na kama uko hai mahali fulani umeketi ukingoni mwa mto, usiusikie udongo huu.

Mkeo,
Mama Nsia